Kuacha kubutua: shajara ya mradi wa timu ya wasichana wa chini ya miaka 14

Shajara hii inafuatilia kazi moja tu, nayo ni kuifundisha timu ya wasichana wa miaka 12 hadi 14 kuupokea mpira wakiwa wamekwisha kuamua wataufanyia nini, badala ya kuubutua mbele kila unapowafikia. Nimelichagua jambo hili kwa sababu ndilo lililokuwa likiziba mengine yote: mchezaji anayebutua hapati nafasi ya kujaribu chenga, pasi wala kugeuka, na msimu mzima unaweza kupita akiwa hajajifunza lolote zaidi ya kuuondoa mpira miguuni mwake. Mazoezi ya kawaida nimeyafupisha, na nafasi kubwa nimeyapa yale yaliyokwama pamoja na namna yalivyokwamuliwa.

Januari, wiki ya pili: kupima tulipo

Kabla ya kubadilisha chochote tulitazama mechi za kirafiki tukiwa na karatasi mkononi. Msaidizi wangu alifuatilia kila mara mchezaji wetu alipopokea mpira katika nusu yetu ya uwanja, akaandika mambo mawili: kama aligeuza kichwa kutazama nyuma yake kabla mpira haujamfikia, na kama baadaye alibutua, alitoa pasi au alikokota. Tuliandika nafasi za wachezaji bila majina, kwa sababu msichana anayejua kwamba makosa yake yanahesabiwa kwa jina ataogopa mpira kuliko alivyouogopa jana.

Zaidi ya nusu ya mipira iliyopokelewa ilibutuliwa, na waliotazama nyuma kabla ya kupokea walikuwa wachache mno. Lililonishughulisha zaidi ni kwamba wasichana hao hao, wakiwa wawili wawili bila mpinzani, walitoa pasi safi na kupiga danadana bila shida. Ufundi wa mguu ulikuwepo, lakini ulipotea mara tu mpinzani alipojitokeza. Kwa hiyo niliweka dhana tatu za kuchunguza: kwamba wanatazama wakiwa wamechelewa, kwamba mpira wenyewe unawashinda kuutuliza, na kwamba wanaogopa lawama.

Januari, wiki ya mwisho: mpira wenyewe

Dhana ya pili ilikuwa rahisi kuchunguza, nayo ilikuwa na ukweli ndani yake. Tulikuwa tukichanganya mipira ya namba 5 na namba 4. Mpira wa namba 5 una mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450, ilhali wa namba 4 una mzingo wa sentimita kati ya 63 na 66 na uzito wa gramu 350 hadi 390. Kwa mguu wa mtoto wa miaka 12 tofauti hiyo si ndogo. Pia mipira yetu ilikuwa imejazwa upepo kupita kiasi, kwa kuwa iliyojazwa kwa nguvu huonekana mipya. Sheria za mchezo zinaruhusu shinikizo la kuanzia 0.6 hadi 1.1 za kipimo cha angahewa, kwa hiyo tulinunua bomba lenye kipimo na kuanza kujaza karibu na kiwango cha chini. Kutuliza mpira kuliboreka kuanzia siku ile ile. Kati ya hatua zote zilizoandikwa hapa hii ndiyo iliyogharimu kidogo zaidi, na ningemshauri yeyote aanze nayo.

Hata hivyo kubutua hakukupungua ila kidogo.

Februari: mazoezi ya kutazama, na yaliyoshindikana

Tuliziacha foleni kwanza. Katika foleni msichana hugusa mpira mara moja kisha husubiri wenzake wote wapite, na kubaya zaidi ni kwamba hajui mpinzani anatokea wapi kwa kuwa mpinzani hayupo. Anajifunza kupiga pasi, lakini hajifunzi kuchagua pasi ya kupiga.

Jaribio la kwanza badala ya foleni lilikuwa kuwakumbusha kwa sauti: "Tazama!" kila mpira ulipokuwa njiani. Lilishindikana, kwani vichwa viligeuka bila macho kuona kitu. Wachezaji walikuwa wakitii amri, si kutafuta habari, na ukimuuliza aliyegeuza kichwa sekunde moja iliyopita ni nani alikuwa nyuma yake, hakujua. Jaribio la pili lilikuwa msaidizi kusimama nyuma ya mpokeaji akiinua kizibao chekundu au cha bluu, na mpokeaji kuitaja rangi kabla ya kugusa mpira. Hapo macho yalianza kuona, lakini yalimwona msaidizi. Tulipocheza mechi ndogo ya wanne kwa wanne, tabia hiyo haikuhama pamoja nao, kwa sababu uwanjani hakuna anayeinua vizibao.

Kilichofaa ni kuifanya habari yenyewe kuwa ya mchezo. Tuliweka mraba wenye malango madogo ya koni katika pande zote nne, mchezaji mmoja katikati, wapasiaji wawili nje na mpinzani mmoja anayeruhusiwa kuziba lango lolote. Aliye katikati hupokea na kutoka na mpira kupitia lango lililo wazi. Akiwa hajatazama kabla ya kupokea, atageukia lango lililozibwa na kupoteza mpira, na hahitaji kocha wa kumwambia kwa nini. Ukubwa wa mraba uliamua kila kitu: tulipouweka mita 8 kwa 8, hata waliotazama walipokonywa, wakarudi kubutua ili kujiokoa, na tulipoupanua hadi mita 12 waliotazama walifanikiwa na wasiotazama walikwama, yaani mchezo ulianza kutofautisha kati yao. Kila kundi likizoea, tunaupunguza mraba kwa hatua moja.

Machi: kupasha misuli

Tuliingiza programu ya FIFA 11+ mwanzoni mwa kila zoezi. Ina sehemu tatu, yaani mbio nyepesi, mazoezi ya nguvu, mizani na kuruka, kisha mbio za kasi, na huchukua takriban dakika 20. Sababu ni goti: wasichana huumia kano ya msalaba ya mbele mara nyingi zaidi ya wavulana wa rika lao, na mara nyingi bila kuguswa na mtu, wakati wa kutua au kubadili mwelekeo ghafla huku goti likiinama kuelekea ndani. Utafiti uliofanywa Norway na kuchapishwa mwaka 2008, uliohusisha wachezaji zaidi ya 1,800 wa kike wenye umri wa miaka 13 hadi 17, ulionyesha kwamba timu zilizotumia programu hii zilipata majeraha pungufu kwa takriban theluthi moja, na yale makubwa yalipungua karibu kwa nusu.

Gharama yake ni dakika hizo 20, ambazo kwa timu yenye saa moja na nusu ya uwanja ni nyingi, na wachezaji walizipinga. Walipunguza sehemu ya nguvu kimyakimya, wakaruka na kutua kwa magoti yaliyogongana. Tuliyarekebisha hayo kwa kuwaweka wawili wawili, mmoja akifanya na mwenzake akitazama jambo moja tu, kwamba goti linabaki katika mstari wa vidole vya mguu. Kutua tulikufundisha kwa sikio: anayetua kwa kishindo anarudia. Faida ambayo sikuitarajia ni ya mradi wenyewe, kwa kuwa msichana anayetua akiwa ameinama magoti na uzito wake ukiwa katikati anaweza kugeuka upande wowote, ilhali anayetua amesimama wima hana njia ila kuupiga mpira ulipo.

Aprili: kuanza kutoka golini

Hatua hii ndiyo iliyotugharimu zaidi, na yeyote atakayeifuata ajiandae. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019, mpira wa goli unahesabiwa kuwa mchezoni mara tu unapopigwa na kusogea kwa dhahiri, kwa hiyo mabeki wanaweza kuupokea ndani ya eneo lao la penalti, na wapinzani wanabaki nje yake hadi upigwe. Kwa timu inayotaka kujifunza kupokea, hiyo ni zawadi kubwa: kila mpira wa goli ni nafasi ya kupokea ukiwa na sekunde mbili tatu za utulivu. Tukakubaliana na wachezaji kwamba hakuna mpira mrefu kutoka golini.

Tulifungwa vibaya. Mabao mengi yalitoka kwa beki aliyempasia mwenzake aliyekwisha kuzingirwa, na baada ya bao la tatu au la nne la namna hiyo wasichana walianza kutazamana kwa lawama. Nilipowauliza mabeki kwa nini walitoa pasi ile, jibu lao lilikuwa moja: kwa sababu mpira mrefu umekatazwa. Waliona kwamba mwenzao amezibwa, na wakampa. Katazo lilikuwa limewanyang'anya kitu kile kile tulichokuwa tukikijenga tangu Januari, yaani uamuzi. Wakati wa kubutua waliupiga mpira bila kutazama, na sasa walitazama lakini hawakuruhusiwa kuitumia habari waliyoipata.

Tuliliondoa katazo na kuweka mpangilio wa chaguo tatu. La kwanza ni beki wa pembeni aliyejitenga karibu na mstari, la pili ni kiungo aliyesimama kati ya washambuliaji wao, na la tatu ni mpira mrefu kuelekea upande ambako winga wetu amekwisha kuanza kukimbia. Golikipa husubiri hadi aone lipi liko wazi, na mpira mrefu ulioonwa na kulengwa tunauhesabu kuwa sawa kabisa na pasi fupi. Katika mechi za kirafiki tuliomba pia wapinzani warudi hadi mstari wa kati wakati wa mpira wetu wa goli, na timu nyingi zilikubali kwa kuwa nao walifaidika na utaratibu huo huo. Tuliutumia kwa majuma machache tu kisha tukauacha, maana msaada huu ukidumu sana wachezaji huusahau ugumu halisi wa mechi.

Kwa sehemu kubwa ya mwezi tulipoteza mechi ambazo kwa kubutua huenda tungetoka sare, na wazazi wawili waliniuliza waziwazi kama najua ninachofanya. Niliwaonyesha karatasi za Januari na kuwaeleza tunachokipima, na tangu hapo mmoja wao ndiye anayejaza karatasi hizo.

Mei: sauti kutoka pembeni

Dhana ya tatu, ya woga, ilibaki hadi hapo bila kuguswa. Tulipotazama ni wakati gani hasa mpira unabutuliwa, tuliona kwamba mara nyingi hutanguliwa na sauti ya mtu mzima kutoka pembeni: "Toa! Piga!" Mtoto anayeambiwa apige na watu wazima watatu kwa wakati mmoja atapiga, hata kama kuna mita kumi za nafasi mbele yake.

Tulifanya mkutano na wazazi na kukubaliana kwamba kushangilia na kutia moyo kunaruhusiwa wakati wote, lakini maelekezo ya nini kifanyike na mpira hayaruhusiwi, na kwamba sheria hiyo inalihusu benchi la makocha vilevile. Kwa makocha ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi. Tulikaa kimya mpira ukiwa unachezwa, tukazungumza na wachezaji wa akiba kuhusu walichokiona, na kuyaweka mengine kwa ajili ya mapumziko.

Matokeo ya mechi mbili tatu za mwanzo yalikuwa kimya cha uwanja mzima. Sauti za watu wazima zilipoondoka ilidhihirika kwamba wachezaji hawakuwa wakizungumza wao kwa wao hata kidogo. Tuliwapa maneno matatu tu, na kila moja lilikuwa habari kwa anayepokea: "Geuka" maana yake nyuma yako ni wazi, "Mtu" maana yake unafuatwa, "Rudisha" maana yake nipo nyuma yako, nipe. Katika mazoezi bao lililotanguliwa na neno mojawapo lilihesabiwa mawili. Wasichana wapole zaidi walianza kwa sauti isiyosikika, na hatukuwalazimisha kupiga kelele, bali tuliwaweka karibu na mchezaji waliyemzoea, wakaizoea sauti yao kidogo kidogo.

Mapumziko nayo yalibadilika. Dakika tatu za mwanzo ni za wachezaji peke yao, nasi tunasimama kando. Mwanzoni waliketi wakinywa maji bila kusema neno. Baadaye kiungo mmoja alianza kuwaeleza mabeki kwamba mshambuliaji wao mrefu hugeukia kulia kila mara, na hilo hakuna kocha aliyekuwa ameliona. Tangu siku hiyo nimeyapunguza maneno yangu ya mapumziko hadi jambo moja.

Julai: mwili unaokua

Mahudhurio yalishuka katikati ya mwaka. Sababu hazikuwa za mpira, na hazikutajwa hadi mama mmoja anayetusaidia alipozungumza na wasichana bila makocha kuwepo. Baadhi walikosa mazoezi siku za hedhi, baadhi hawakuwa na sidiria za michezo na waliona aibu kukimbia, na karibu wote walizichukia kaptula nyeupe. Kaptula tulizibadilisha kwa za rangi iliyokolea. Hata timu ya taifa ya wanawake ya Uingereza iliziacha nyeupe mwaka 2023 kwa sababu ya wasiwasi huo huo. Mkoba wenye taulo za kike sasa upo mahali pa kubadilishia nguo, na anayehitaji anachukua bila kumwomba mtu. Mada ya sidiria ilikabidhiwa kwa akina mama, nao wakaandika maelezo mafupi kwa wazazi wote. Wengi wa waliokuwa wameacha walirudi, ingawa wawili hawakurejea, na sijui kama tungeuliza mapema wangebaki.

Jambo la pili la mwezi huu lilikuwa maumivu chini ya goti, mahali ambapo kano inayotoka kwenye kifuniko cha goti hushikana na mfupa wa ugoko. Kwa watoto wanaorefuka haraka maumivu haya ni ya kawaida, na hupungua mchezaji anapopunguziwa kukimbia na kuruka, lakini kila aliyekuwa nayo tulimwomba aonwe na mtabibu kabla hatujakisia. Waliopunguziwa mazoezi walibaki katika mraba wa malango wakiwa wapasiaji, ili wasitengwe.

Wachezaji waliorefuka ghafla walipoteza utulivu wa mguu kwa muda. Beki wetu wa kati, aliyekuwa mfano wa wengine mwezi Mei, alirudi kubutua kabisa. Kumweka benchi kungemfundisha kwamba mwili wake ni kosa, kwa hiyo tulimsogeza pembeni, ambako upande mmoja ni mstari na mambo ya kutazama ni machache, na tukampa muda. Sheria zinaruhusu mashindano ya vijana kumrudisha mchezaji aliyekwisha kutolewa, na hilo lilitusaidia kumpumzisha dakika chache kisha kumrejesha bila kumfungia mlango wa mechi.

Septemba: golikipa

Kwa kuwa kila kitu huanzia kwake, golikipa alibeba mzigo mkubwa kuliko wote. Tulijaribu kuwazungusha wachezaji wote golini, na ikashindikana: waliokuwa hawataki walicheza kwa hofu, na hofu hiyo iliwaambukiza mabeki. Sasa tuna watatu waliojitolea, wanaopokezana, na asiye golini siku hiyo hucheza uwanjani kama kiungo. Miguu yao imekuwa bora kuliko ya mabeki wengi. Tatizo lililobaki ni goli lenyewe. Upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44 ni vipimo vya watu wazima, na mpira wa juu humpita msichana wa miaka 13 hata akiwa amesimama mahali pake sahihi. Mahali tunapoweza kuchagua, tunatumia goli dogo la wachezaji tisa kwa tisa, na tusipoweza, tunawaambia magolikipa waziwazi kwamba bao la juu si lao.

Oktoba: kupima tena

Tulirudia karatasi za Januari kwa utaratibu ule ule. Kutazama kabla ya kupokea kumekuwa jambo la kawaida kwa viungo na mabeki wa kati. Kwa mabeki wa pembeni kunatokea mara kwa mara. Kwa washambuliaji bado ni haba. Kubutua kumeshuka hadi sehemu ndogo ya mipira yote inayopokelewa, lakini karatasi yenyewe ilihitaji kurekebishwa, kwa sababu ilikuwa ikihesabu pamoja vitu viwili tofauti. Beki anayeuona mpira unadunda mbele ya goli lake huku wapinzani wawili wakimkabili, akaupeleka nje, ameamua vyema. Sasa tuna safu mbili, ya kuondoa hatari na ya kubutua bila kuona, na anayejaza hutazama kichwa cha mchezaji kabla ya mguu wake.

Katika matokeo ya mechi tupo katikati ya msimamo, kama mwaka uliopita. Mabao tunayofungwa kwa kupoteza mpira karibu na goli letu bado yapo, ingawa ni machache kuliko ya Aprili, na kwa maoni yangu yataendelea kuwepo kwa msimu mmoja zaidi. Ninayakubali.

Novemba: kinachofuata

Msimu ujao wakubwa wao wanahamia mpira wa namba 5 na uwanja kamili wa wachezaji kumi na mmoja. Pasi zitakuwa ndefu, mpira utachukua muda zaidi njiani, na mchezaji atalazimika kutazama zaidi ya mara moja kabla haujamfikia. Mraba wa malango tumekwisha kuupanua hadi mita 20 kwa kundi hilo, tukaongeza mpinzani wa pili, na kwa wiki mbili za mwanzo wamerudi kupoteza mipira mingi. Washambuliaji wameundiwa zoezi lao, ambamo mpokeaji huanza akiwa amelipa goli mgongo na beki yupo nyuma yake, na mpasiaji ndiye anayemwambia "Geuka" au "Mtu". Mpaka sasa wapasiaji wanasema neno wakiwa wamechelewa, mpira ukiwa umekwisha kufika, kwa hiyo wiki ijayo tutawataka walitamke kabla ya kuupiga.